Mtandao ndani ya laptopu: Packet Tracer, GNS3 na ns-3 zinadai nini, na kwa nini hukataa kufunguka

Kila muhula mpya unapoanza, maswali huwa yale yale. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi Malindi ameambiwa na mwalimu aje darasani na Packet Tracer, programu ya kuiga mtandao wa kompyuta, kwenye laptopu yake. Mwenzake wa Lamu amesikia kwamba GNS3 ndiyo ya wakubwa. Wa tatu yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, ametajiwa ns-3 na msimamizi wake, na hajui hata aanzie wapi. Wote watatu wanauliza kwenye kundi la WhatsApp, na majibu yanamiminika: huyu anasema bila laptopu ya GB 16 usijisumbue, yule anasema programu hizi zinakupa intaneti ya bure, mwingine anatuma kiungo cha toleo "lisilodai akaunti". Mwisho wa yote mtu analipia saiba asakinishiwe programu ambayo watengenezaji wenyewe wanaitoa bure, na akifika nyumbani haifunguki.

Mkanganyiko huu una chanzo kimoja. Majina hayo matatu hutajwa kwa pumzi moja kana kwamba ni vitu vya aina moja, ilhali ndani yake mna mambo matatu tofauti kabisa. Na kile kilichomo ndani ndicho kinachoamua programu itadai nini kwako: nafasi ya diski, kumbukumbu, akaunti, leseni, au mpangilio fulani uliofichika kwenye kompyuta ambao hujawahi kuugusa. Ukijua kilichomo, utajua mapema itakwamia wapi.

Pakiti, swichi, ruta, lango

Mtandao ni vifaa viwili au zaidi vilivyounganishwa vikaweza kupelekeana data. Data hiyo haiendi kama maji ya bomba. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubandikwa anwani ya inakotoka na ya inakokwenda.

Chukua mji wa kale wa Lamu, ambako mizigo hupita vichochoroni kwa punda. Mzigo unaotoka nyumba moja ya Langoni kwenda nyumba nyingine ya Langoni hauna haja ya kufika baharini. Anayeujua mtaa anaufikisha. Hiyo ndiyo kazi ya swichi: inavijua vifaa vya mtandao mmoja, na inafikisha pakiti mlangoni hasa. Lakini mzigo wa kwenda Mokowe lazima ufike gatini, upakiwe botini, uvuke. Gati hapo ni ruta, kifaa kinachoitoa pakiti kwenye mtandao mmoja na kuiingiza kwenye mwingine. Ndiyo maana kila kompyuta huulizwa anwani ya lango, ile sehemu iliyoandikwa "Default Gateway". Ukiiacha tupu, jirani utampata, Mokowe hufiki. Mazoezi mengi yanayodhaniwa yameharibika hayana kasoro yoyote ila hiyo.

Kijahazi, pipa la maji na jedwali la bamvua

Programu za kuiga mtandao hukupa uwanja wa kuchora vifaa hivyo kwenye kioo, kuviunganisha, kuvipa anwani na kutazama pakiti zikienda. Tofauti iko kwenye namna ya kuiga.

Packet Tracer ni simuleta. Tazama vile vijahazi vidogo vya mbao vinavyochongwa Lamu. Kijahazi kina mlingoti, foromali, tanga na usukani, kila kitu mahali pake, na mtoto anaweza kujifunza kwacho jina la kila kamba. Lakini hakijatiwa kalafati wala hakijaonja maji ya chumvi. Packet Tracer iko hivyo: kampuni ya Cisco imeandika programu inayojibu amri kama ruta yake ingejibu, kwa zile amri ilizochagua kuziiga. Amri isiyoigwa haipo, hata kama kwenye ruta halisi ipo. Na kwa kuwa hakuna mashine halisi inayofanya kazi ndani, ni nyepesi: kwa matoleo ya 8, Cisco inataja GB 4 za kumbukumbu iliyo huru na GB 1.4 za diski.

GNS3 ni emuleta. Fundi wa mashini za boti akitaka kujua kama mashini imepona, haipeleki mkondoni moja kwa moja. Anaifunga kwenye pipa lililojaa maji na kuivuta kamba. Mashini ni ile ile ya kweli, inanguruma na kunywa petroli. Kinachoigwa ni bahari tu. GNS3 inachukua mfumo halisi wa uendeshaji wa ruta, ule ule unaowekwa kwenye kifaa cha chuma, na kuuwasha ndani ya laptopu yako. Hapo ndipo madai yake yanapotoka. Unahitaji petroli, yaani kumbukumbu na nguvu ya prosesa. Na unahitaji mashini yenyewe, yaani faili la mfumo wa ruta, ambalo lina mwenyewe na haliji pamoja na GNS3.

Aina ya tatu ni ns-3, na ndugu yake OMNeT++. Hizi hazina ruta ya kuandikia amri wala hazikusudiwi kumfundisha mtu kusanidi kifaa. Ni hesabu. Nahodha akishika jedwali la maji anajua bamvua itafika lini na maji yatapwa saa ngapi bila kulowa hata kidole. Ns-3 nayo inakokotoa pakiti ngapi zitafika, zitachelewa kiasi gani na ngapi zitapotea, kwa mtandao ulioueleza kwa msimbo wa C++ au Python. Saa yake ni ya kuhesabu, si ya ukutani: sekunde 10 za ndani zinaweza kuisha kufumba na kufumbua, au zikachukua saa nzima kama vifaa ni vingi.

Basi anayesomea CCNA, mtihani wa Cisco wa mitandao, au cheti cha chuo anaanza na Packet Tracer. Anayetaka kuzoea mfumo halisi kabla ya kuajiriwa anakwenda GNS3. Anayeandika utafiti anakwenda ns-3. Kumshauri mwanafunzi wa muhula wa kwanza asakinishe GNS3 kwa sababu ndiyo ya wakubwa ni kumtwika mzigo usio wake.

Kabla ya kupakua

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, uingie "System", kisha "About". Soma mambo mawili: kumbukumbu ni GB ngapi, na mfumo ni wa biti 64 au 32. Kisha fungua diski C uone nafasi iliyobaki. Diski iliyojaa pomoni husababisha kusakinisha kukatike katikati na ujumbe usioeleweka, na mtu akadhani faili ni bovu.

Faili bovu nalo lipo, hasa kwetu tunaopakua kwa bando na mnara ukiyumba. Likikatika njiani linaweza kuonekana zima kwenye folda ilhali mkia wake haupo. Njia ya kulipima ni alama yake ya SHA256, ambayo hubadilika hata ikikosekana herufi moja. Fungua Command Prompt ndani ya folda lilipo faili, uandike:

certutil -hashfile jina_la_faili SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Linganisha herufi hizo na zilizotajwa mahali ulipopakulia, au na za mwenzako mwenye toleo lile lile ambaye lake lilikubali. Zikitofautiana, usisakinishe, pakua upya.

Darasa zima halina haja ya kupakua kila mtu kwa bando lake. Mmoja apakue mahali penye Wi-Fi nzuri, agawe kwa flashi. Ila ujue flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Packet Tracer haifiki huko, lakini diski za mashine pepe, ambazo utazikuta kwenye GNS3, zinafika. Ukiambiwa faili ni kubwa mno ilhali flashi ina nafasi tele, iformati kwa exFAT. Kuformati kunafuta kila kitu, hivyo hamisha vilivyomo kwanza.

Packet Tracer: akaunti kwanza, faili baadaye

Packet Tracer hutolewa bure kupitia Cisco Networking Academy, netacad.com. Fungua akaunti kwa barua pepe unayoikumbuka nenosiri lake, kisha jiandikishe kwenye kozi fupi ya kuanza kutumia Packet Tracer. Kozi hiyo nayo ni ya bure, na ndani yake mna ukurasa wa kupakulia, wenye faili za Windows, Ubuntu na macOS. Hapo ndipo wengi hupotea: wanaitafuta programu kwenye Google, wanaangukia kurasa zisizo za Cisco zenye vitufe vikubwa vya kijani.

Kusakinisha kwenyewe hakuna siri. Bonyeza faili mara mbili, kubali masharti, acha folda ilivyopendekezwa, subiri dakika chache. Ukiifungua mara ya kwanza huenda ikakuuliza kama unataka hali ya watumiaji wengi, yaani kuunganisha Packet Tracer yako na ya mwenzako. Ukiwa peke yako jibu hapana. Windows nayo yaweza kuuliza kuhusu ukuta wa moto. Kwa mazoezi ya peke yako, kukataa hakuvunji kitu.

Kisha itafungua ukurasa wa kuingia. Hapa ndipo pale pa kusema "haifunguki". Matoleo ya 8 yanataka uingie kwa akaunti yako, na hilo linahitaji intaneti wakati huo. Kuna kitufe cha kuifanya ikukumbuke kwa miezi 3. Kiwashe ungali una mtandao. Ukiisha kuingia, mazoezi yenyewe hayali bando, kwa kuwa pakiti zote zinazunguka ndani ya laptopu.

Sasa lile toleo lisilodai akaunti. Ama ni la zamani sana, ama limefunguliwa na mtu usiyemjua akabadilisha vilivyomo. La zamani halitafungua mazoezi ya mwalimu, kwa kuwa faili la .pkt lililohifadhiwa na toleo jipya halisomeki kwenye la nyuma. Na lililochezewa ni mlango ulioufungua mwenyewe kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Akaunti ni ya bure. Hakuna unachokiokoa.

Kwa wenye Ubuntu, faili ni la .deb, nawe unalisakinisha kwa terminali ukiwa ndani ya folda lilipo:

sudo apt install ./jina_la_faili.deb

Usisahau ile nukta na mkwaju (./) mbele. Bila hivyo apt inatafuta kifurushi chenye jina hilo mtandaoni na kusema hakipo. Ukurasa wa masharti ukitokea na kipanya kikagoma, tumia kitufe cha Tab kufika kwenye kukubali, kisha Enter. Matoleo ya 8.2 yaliandikiwa Ubuntu 20.04 na 22.04. Kwenye 24.04 yanalalamika kukosa libgl1-mesa-glx, kifurushi kilichoondolewa kwenye Ubuntu hiyo. Angalia kwanza kama Cisco imetoa toleo jipya zaidi kabla ya kuanza kulazimisha.

Kipimo cha kwanza

Programu kufunguka si ushahidi kwamba umeielewa. Chora mtandao mdogo: ruta moja ya 2911, swichi moja ya 2960, kompyuta mbili. Unganisha kompyuta na swichi, na swichi na ruta, kwa kebo ya moja kwa moja. Kompyuta ya kwanza ipe 192.168.1.10, ya pili 192.168.1.11, zote kwa barakoa ("Subnet Mask") ya 255.255.255.0 na lango 192.168.1.1.

Utaona taa za upande wa swichi ziko rangi ya chungwa. Wanafunzi wengi hufuta kila kitu hapo na kuanza upya, kisha wanafuta tena. Haijaharibika. Swichi inachunguza kwanza kama kuna njia ya mzunguko ambayo pakiti zingezunguka bila kikomo, na uchunguzi huo huchukua kama sekunde 30: 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Subiri, zitageuka kijani zenyewe.

Taa za upande wa ruta zitabaki nyekundu hata ukisubiri mpaka Magharibi. Milango ya ruta ya Cisco huja imefungwa kwa makusudi, na lazima uifungue mwenyewe. Bonyeza ruta, nenda sehemu ya amri, ikikuuliza kama unataka kuongozwa kusanidi jibu no, kisha:

enable
configure terminal
interface gigabitEthernet 0/0
ip address 192.168.1.1 255.255.255.0
no shutdown

Amri ya mwisho ndiyo ifunguayo mlango. Sasa nenda kwenye kompyuta ya kwanza, fungua Command Prompt yake, uandike ping 192.168.1.1, amri ya kupima kama kifaa kinajibu. Yakirudi majibu manne, umepata. Ukiongeza mtandao wa pili upande wa pili wa ruta na kupiga ping ya kuvuka, jibu la kwanza mara nyingi linakosekana na matatu yanayofuata yanafika. Hiyo nayo si hitilafu. Pakiti ya kwanza imefika gatini ikakuta ruta haijui bado nyumba ya mpokeaji, ikabidi iulizie kwanza. Zinazofuata zinakuta jina limeshajulikana. Rudia ping uone zote nne zikirudi.

Ukimaliza, hifadhi mara mbili. Kwenye ruta toka kwa amri ya end, uandike copy running-config startup-config. Kisha hifadhi faili lenyewe la .pkt. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kazi imekwenda na maji.

GNS3 na swichi iliyofichika

Nyaraka za GNS3 zinataja GB 4 za kumbukumbu kuwa kiwango cha chini na GB 16 kuwa kinachopendekezwa. Kwa hiyo ule uvumi wa GB 16 una mzizi, ila umehamishiwa kwenye programu isiyo yake. Kwa GB 8 unaweza kuendesha maabara ndogo ya ruta mbili tatu bila taabu.

Kwenye Windows kuna vipande viwili. Cha kwanza ni programu ya kuchorea, ile uionayo. Cha pili ni GNS3 VM, mashine pepe: kompyuta nzima ya Linux inayoishi ndani ya kompyuta yako kama mpangaji, ikikodi sehemu ya kumbukumbu na prosesa. Ruta za Cisco za zamani, kama 3725 na 7200, huweza kuendeshwa bila mpangaji huyo, kwa kutumia Dynamips, emuleta aliyoianzisha Christophe Fillot mwaka 2005. Mifumo mingi ya kisasa inamhitaji. Kumkaribisha kunataka programu ya kuendeshea mashine pepe: VMware Workstation au VirtualBox. GNS3 yenyewe inapendelea VMware, ambayo tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtumiaji.

Toleo la programu na toleo la VM lazima yawe sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Ukisasisha kimoja ukakiacha kingine, vitakataa kuzungumza. Pakua vyote viwili siku moja. Na unaposakinisha, orodha itakuwa na alama za tiki kwenye programu nyingi. Wireshark ibakishe, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha pakiti zilivyo kwa ndani, lakini za matangazo ya kampuni nyingine ondoa tiki bila wasiwasi.

Sasa ile swichi. Ili mpangaji akae vizuri, prosesa yenyewe lazima iruhusu upangaji. Intel wanauita VT-x, AMD wanauita AMD-V. Laptopu nyingi za mtumba zinazoletwa kwetu kutoka Ulaya zinao, lakini huja umezimwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia "Performance", chagua CPU, utafute mstari wa "Virtualization". Ukisoma Disabled, zima laptopu, iwashe huku ukigonga kitufe cha kuingilia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayotangulia Windows: F10 kwa HP nyingi, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Kwenye HP EliteBook tafuta chini ya "Advanced", "System Options", uweke tiki kwenye "Virtualization Technology (VTx)", uhifadhi utoke. Usiguse kingine humo.

Wakati mwingine mstari unasema Enabled, na bado VMware inalia kwamba VT-x haipatikani. Hapa watu hurudia kusakinisha mara tano, na kusakinisha upya hakusaidii hata kidogo, kwa sababu ruhusa ipo ila imeshikwa na mtu mwingine. Windows yenyewe ina mfumo wake wa mashine pepe, Hyper-V, unaotumiwa na WSL 2 (njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows) na ile kinga iitwayo "Memory integrity" iliyo chini ya "Core isolation". Ukishaingia, anayekuja nyuma anaambiwa nyumba ina mwenyewe. Kuuzima, fungua Command Prompt kama msimamizi:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Kisha anzisha upya kompyuta. Kama bado, zima "Memory integrity" pia. Fahamu kwamba hiyo ni kinga unayoiondoa, na kwamba WSL 2 haitafanya kazi wakati huo. Ukimaliza mazoezi, rudisha kwa amri ile ile ukiandika auto badala ya off, uanzishe upya tena.

Mpe mpangaji kumbukumbu isiyozidi nusu ya iliyopo. Laptopu ya GB 8 mpe 3. Ukimpa 6, Windows itaanza kuhema na kila kitu kitagandamana.

Feni inayopiga kelele

Jambo moja kuhusu ruta za Dynamips linastahili maelezo, kwa kuwa huchemsha laptopu za watu, hasa majira ya kaskazi joto la Malindi linapokuwa limepamba. Ukiwasha ruta moja tu, prosesa inaruka mpaka asilimia 100 na kubaki hapo, feni inavuma, ilhali hakuna pakiti hata moja inayopita.

Sababu ni hii. Ruta isiyo na kazi hailali. Inazunguka kwenye kijisehemu kidogo cha msimbo wake ikiuliza kuna kazi, kuna kazi, mara mamilioni. Kwenye chuma chake hilo halina madhara. Ndani ya emuleta, kila swali hilo laptopu inalitekeleza kwa bidii kana kwamba ni kazi ya maana, sawa na mashini iliyo pipani ikiachwa imefunguliwa mafuta yote. Dawa yake inaitwa Idle-PC: ni anwani ya mahali hasa ruta inapozungukia. Emuleta ikiijua, kila ikipita hapo inapumzika kidogo.

Bonyeza ruta kwa kitufe cha kulia ikiwa imewaka, chagua "Idle-PC", subiri ikokotoe. Italeta orodha, chagua yenye nyota mbele, utazame matumizi ya prosesa. Yakishuka, umepata. Yasiposhuka, jaribu nyingine yenye nyota. Thamani hiyo ni ya faili lile moja la mfumo, kwa hiyo aliyepata nzuri anaweza kumpa mwenzake mwenye faili lile lile kabisa.

Faili lenyewe la Cisco ni mali ya Cisco na hupatikana kwa mwenye mkataba nao. Linalozungushwa kwenye Telegram halina idhini, na huna njia ya kujua limetiwa nini. Zipo mashini za halali za kuweka kwenye pipa, yaani mifumo ya ruta na swichi: VyOS, FRRouting, Open vSwitch. Na kwa kijana anayetaka kusambaza Wi-Fi ya kulipia mtaani kwao, pengine iliyo bora zaidi ni MikroTik CHR. Leseni yake ya bure inabana kasi kwa megabiti 1 kwa sekunde kila mlango. Kwa biashara haitoshi, ila RouterOS iliyomo, mfumo wa ruta za MikroTik, ni halisi, na sheria za kubana kasi na kurasa za kuingilia wateja unaweza kuzizoea zote kabla ya kununua kifaa.

Wa utafiti, na makosa ya mwaka 2011

Wanafunzi wa shahada bado wanaletewa maelekezo ya ns-2 badala ya ns-3. Hizi ni programu mbili tofauti. Ns-3 si sasisho la ns-2 na haisomi msimbo wake. Toleo la ns-2.35 ni la 2011, na ukilijenga kwa kikusanyaji (compiler) cha kisasa cha C++ linasimama kwenye faili la linkstate/ls.h, mstari wa 137, likilalamika kwamba erase haijatangazwa. Fungua faili hilo, badilisha erase iwe this->erase, uendelee. Hilo ni moja tu, mengine yatafuata. Kama msimamizi hakulazimishi ns-2, usianze nayo.

ns-3 inakaa vizuri kwenye Linux. Mwenye Windows aandike wsl --install kwenye PowerShell ya msimamizi, apate Ubuntu. Ndani yake:

sudo apt install g++ python3 cmake ninja-build git

Pakua ns-3 kutoka nsnam.org, uifungue ndani ya folda yako ya nyumbani ya Linux. Usiiweke chini ya /mnt/c, kwani kusoma faili za upande wa Windows kutoka WSL 2 ni kwa kujikokota. Kisha, ukiwa ndani ya folda:

./ns3 configure --enable-examples --enable-tests
./ns3 build
./ns3 run first

Usitangulize sudo, kwa kuwa ns3 inakataa kuendeshwa na root, mtumiaji mkuu wa Linux. Kujenga kunachukua muda mrefu kwenye mashine ndogo, na likionekana neno Killed, kumbukumbu imeisha. Rudia ukiongeza -j1 ili faili zijengwe moja moja. Amri ya mwisho ikikuletea mstari unaosema "At time +2s client sent 1024 bytes to 10.1.1.2 port 9", hesabu yako ya kwanza imetoka salama.

Yanayosemwa mitaani

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoleta intaneti ya bure. Wingu unaloliona kwenye Packet Tracer ni mchoro. Si zana za udukuzi pia, na polisi hawana haja na mwanafunzi anayepiga ping kati ya kompyuta mbili za kuchora.

Dai linaloleta madhara ni kwamba ukifaulu kwenye kioo umeshakuwa fundi. Kebo ya Packet Tracer hailiwi na kutu. Ya kwetu inaliwa: upepo wa chumvi unaingia kwenye vichwa vya RJ45 vilivyo nje, shaba inageuka kijani, na mtandao unakatika bila amri yoyote kukosewa. Kwa hiyo unapopakua programu, tafuta pia koleo ya kubania, vichwa kumi vya RJ45 na mita chache za kebo ya Cat5e, uzoee kupanga nyaya nane kwa mpangilio wa rangi uitwao T568B. Elekeza kishikizo cha kichwa chini, uanzie kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.